Krismasi: Jinsi ya kutengeneza slashi ya pombe isiyogeuka jiwe wala kuwaangusha wageni

Wisconsin, jimbo la Marekani linalojulikana kwa kupenda brandi, familia nyingi zina kinywaji chao cha sikukuu: chai, juisi ya machungwa, limau, sukari na brandi, vyote vimegandishwa kwenye ndoo tupu ya aiskrimu. Mgeni akifika, anachotewa.

Unaweza kutengeneza hata nyumbani kwako. Shida ni moja tu: kipimo.

Kwa nini haigandi kama jiwe?

Maji huganda kwenye nyuzi 0. Pombe tupu haigandi mpaka ifike nyuzi 114 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo maji yanageuka chembe za barafu, huku pombe na sukari zikibaki majimaji katikati yake. Ndo maana unachota kwa kijiko.

Mahitaji (lita 2 hivi)

- Maji lita 1
- Sukari gramu 200
- Vifuko 2 vya majani ya chai
- Juisi ya machungwa nusu lita
- Juisi ya limau mililita 150
- Brandi mililita 250

Namna ya kutengeneza

1. Chemsha maji, weka sukari na majani ya chai. Acha dakika 5, kisha toa vifuko.
2. Subiri ipoe kabisa. Ukimimina brandi kwenye chai ya moto, sehemu ya pombe inapotea kwa mvuke.
3. Changanya juisi zote na brandi.
4. Weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, usikijaze. Maji yakiganda hutanuka, na chupa ya kioo inaweza kupasuka.
5. Gandisha usiku kucha, ukikoroga mara mbili tatu kabla ya kulala.

Kesho yake chota nusu glasi, jazia soda ya limau iliyo baridi.

Usiongeze "kidogo tu"

Kwa kipimo hiki, pombe ni asilimia 5 hivi, sawa na bia nyingi. Sasa kuna yule shemeji anayesema "mbona haisikiki?" na kumimina chupa nzima ya mililita 750. Hapo inafika karibu asilimia 12, yaani umewapa watu mvinyo bila kuwaambia. Ubaridi na sukari vinaficha ukali wa pombe, kwa hiyo mtu anakunywa glasi tatu akidhani ni juisi. Zaidi ya hapo, inakuwa rojo inayoyeyuka haraka mezani.

Watoto je?

Hapa kuwa makini sana. Kwa macho, hii ni barafu ya machungwa, na mtoto akifungua friza hatauliza. Andika "POMBE" kwa herufi kubwa juu ya mfuniko na uweke chombo chini kabisa, nyuma.

Watengenezee na wao ya kwao bila brandi. Hiyo itaganda ngumu, kwa hiyo itoe dakika 20 kabla, kisha ikwangue kwa uma.

Na wageni waambie mapema kilichomo. Mwenye funguo za gari au pikipiki, mpe ile ya watoto.