Udongo wenye munyu haujafa: osha kwanza, kisha lisha vidudu vyake

Mwanamemba akiona weupe juu ya shamba, kama unga uliomwagika, na majani ya maharagi yamekauka kwenye ncha, mara nyingi anasema: udongo huu umekufa. Anaacha shamba, anatafuta lingine. Lakini kwetu Boga, ambako watu wengi wamekimbia vita na kurudi, mashamba ya kuacha ni haba. Tuangalie vizuri udongo huo mbele ya kuutupa.

Munyu unatoka wapi?

Huku juu, mvua inaosha udongo. Kule chini, upande wa bonde la Semliki, jua ni kali na mvua ni kidogo. Maji yanapanda kutoka chini, yanakauka, munyu unabaki juu. Shamba linalomwagiliwa bila mfereji wa kutoa maji linapata shida hiyo hiyo. Hatuko peke yetu: mwaka 2024 FAO ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 10 ya ardhi ya dunia ina shida ya chumvi.

Wafanyakazi tusiowaona

Gramu moja ya udongo mzuri inaweza kuwa na bakteria karibu bilioni moja. Hao ndio wanaozesha majani na samadi na kuyageuza kuwa chakula cha mimea. Wengine, wanaoitwa rizobia, wanakaa ndani ya vinundu vya mizizi ya maharagi na kuchukua naitrojeni kutoka hewani.

Munyu unawavuta maji mwilini, sawa na unavyokausha makayabo. Wengine wanakufa, wengine wanalala, na wanaobaki na nguvu ni wale waliozoea chumvi. Ndiyo sababu samadi katika shamba la munyu inachelewa kuoza.

Kuosha, kama mama wa Kibiro

Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Uganda, mama wa Kibiro wametengeneza chumvi kwa miaka mamia. Wanaweka udongo katika chombo chenye matundu, wanapitisha maji, na maji yanashuka na chumvi yote. Shambani tunafanya vilevile, ila sisi tunataka udongo, siyo chumvi.

Chimba mfereji upande wa chini, kisha zungusha shamba kwa kingo ili mvua isimame na kuingia. Maji ya kina cha sentimita 30 yakipita katika udongo wa sentimita 30, yanaweza kuondoa karibu asilimia 80 ya chumvi. Bila mfereji, munyu utapanda tena kiangazi.

Pima kwanza: tia donge kavu katika glasi ya maji ya mvua, bila kutikisa. Maji yakigeuka mawingu na kubaki hivyo, huenda udongo una magadi. Hapo kuosha tu kunaweza kuugandisha zaidi; unahitaji jasi. Uliza agronomu wako.

Kosa linalorudisha watu nyuma

Wengi wanaosha, wanapanda maharagi palepale, wanakosa mavuno, na kusema kazi ilikuwa bure. Sababu ni hii: maji yaliyobeba munyu yamebeba pia chakula cha udongo. Bakteria waliolala wanaamka na njaa. Kwa hiyo samadi iliyooza na majani vinawekwa *baada* ya kuosha, siyo mbele, maana vitakwenda na maji. Usitie majivu, nayo yana chumvi yake.

Msimu wa kwanza panda mtama, unaovumilia munyu kuliko maharagi. Mabua yake yaache shambani yafunike udongo: jua halitavuta munyu, na bakteria watakula.

Msimu unaofuata jaribu mistari michache ya maharagi. Yakitoa maua, chimba shina moja polepole na upasue vinundu vya mizizi. Rangi nyekundu ndani inaonyesha rizobia wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe, au hakuna, endelea na samadi na mtama. Unaweza pia kuchanganya mbegu na udongo kidogo wa shamba la maharagi lisilo na ugonjwa.

Anza na kipande cha mita 10 kwa 10. Kikishindwa, hasara ni ndogo. Kikifaulu, koperative nzima ije kuona vile vinundu vyekundu.