Kabla Hujaita Dalali, Sogeza Kochi!

Mteja wetu wa kwanza alikaa dakika 10 tu. Alisogeza kochi la sebuleni, akagonga ukuta kwa kidole, plasta ikamwagika kama unga. Akatabasamu, akaaga. Hakurudi tena.

Mume wangu alikuwa amehamishiwa Dodoma kikazi, mimi nimebaki Dar na watoto. Mwaka mzima tunaonana wikiendi mbili kwa mwezi! Nyumba yetu ya Tabata ikiuzwa, ndipo tungeishi pamoja tena. Sasa ile plasta ilivyodondoka, nikaona na ndoa yangu inamong'onyoka.

"Tupige rangi tu, mke wangu. Nani atajua?" akasema.

"Na sisi Dodoma tukiuziwa hivyo hivyo, utafurahi?"

Akanyamaza. Jumamosi ile tukashika tochi, bisibisi na daftari, tukaikagua nyumba yetu kama wageni. Nawe mpenzi msomaji, fanya hivi:

Maji: Funga koki zote, soma mita, subiri saa nzima bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Yetu ilisogea! Bomba lililopita ndani ya ukuta, nyuma ya kochi, ndilo lilikuwa mchawi wetu.

Dari: Panda darini mchana wa jua kali, kisha zima tochi. Ukiona vimwanga kama nyota, ujue bati limetoboka.

Mbao: Choma fremu za milango kwa bisibisi, hasa chini. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakutangulia.

Kuta na zege: Nyufa nyembamba za plasta zisikunyime usingizi. Lakini ufa unaozidi kupanuka, au zege linalobanduka na kuacha nondo zenye kutu, muone mhandisi. Usiuzibe tu.

Makaratasi: Weka tayari hati na risiti za kodi ya ardhi. Na kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja wenu kuuza nyumba mnayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kaeni chini, muongee kwanza.

Sisi tulibadilisha bomba, tukauacha ukuta ukauke vizuri ndipo tukapiga plasta. Fremu mbili zilizoliwa na mchwa hatukuwa na pesa ya kuzibadilisha. Mteja aliyefuata alipokuja, mume wangu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. Moyo ulinidunda! Yule mama akaomba tupunguze bei kidogo, tukapunguza, tukapeana mikono.

Leo tunakula chakula cha jioni meza moja, Dodoma. Mwenzangu siku hizi kila akiingia nyumba ya watu anagonga gonga kuta, mpaka naona aibu. Lakini kimoyomoyo najivunia.

Wewe je, nyuma ya kochi lako kuna nini?