Seva Ipi Iombwe Kwanza?

Faili moja ikiwa na nakala kwenye seva tatu, kompyuta inayoitaka lazima iamue iombe wapi. Mtumiaji haoni uamuzi huo. Anachokiona ni programu kufunguka upesi au kusuasua. Wengi hulaumu mtandao, kumbe nakala ilikuwa chumba cha jirani na kompyuta yao ikaenda kuiomba mji mwingine. Ndiyo maana naona jambo hili linastahili kuelezwa kwa kina.

Mfano mzuri ni AFS, mfumo wa faili uliobuniwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, kwa ushirikiano na IBM. Nia ilikuwa kuwawezesha maelfu ya wanafunzi na walimu kuzikuta faili zilezile kwa majina yaleyale, wakikaa mbele ya kompyuta yoyote chuoni. Mwaka 2000 IBM iliutoa kama programu huria, na hadi leo unaendelezwa kwa jina la OpenAFS.

Katika AFS, anayechagua ni kompyuta ya mtumiaji. Kwanza huuliza seva inayotunza orodha: fungu hili la faili liko wapi? Ikishapata majina ya seva, huipa kila anwani alama, na yenye alama ndogo ndiyo hutangulia. Seva iliyo ndani ya kompyuta ileile huanzia 5,000. Iliyo kwenye tawi lilelile la mtandao, 20,000. Iliyo kwenye mtandao uleule lakini tawi jingine, 30,000. Zilizobaki zote, 40,000. Kipimo chenyewe ni anwani za IP tu. Hakuna ujumbe unaotumwa kupima mwendo. Kompyuta hulinganisha tarakimu za anwani yake na za seva, kisha hukisia ujirani. Seva iliyotangulia isipojibu, hugeukia inayofuata.

Juu ya alama hiyo huongezwa namba ndogo ya nasibu, isiyozidi 15. Ni rahisi kuipita bila kuitazama, lakini kwangu hapo ndipo ilipo akili ya muundo mzima. Chukua maabara yenye kompyuta 200, zote zikiwa karibu sawasawa na seva tatu. Bila namba hiyo, kompyuta zote zingefuata kanuni moja na kufikia jibu moja: seva ya kwanza ingeelemewa na mbili zingekaa bure. Kwa nasibu, kila kompyuta hujipangia orodha yake, na mzigo hugawanyika bila seva kushauriana wala msimamizi kutoa amri. Na kwa kuwa kati ya daraja moja na jingine kuna pengo la 10,000 au zaidi, namba isiyozidi 15 haiwezi kamwe kuifanya seva ya mbali iitangulie ya karibu.

Tatizo liko kwenye ushahidi wenyewe. Anwani zinazofanana hazithibitishi ukaribu, wala zinazotofautiana hazithibitishi umbali. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kuanza kazi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine mjini humo ulisafiri hadi ng'ambo na kurudi, mara nyingi kupitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Majengo mawili yanayotazamana yangeweza kutenganishwa na zaidi ya nusu sekunde. Kwa hesabu ya AFS, seva ya jengo la pili na seva ya Ulaya zote zingepata 40,000, na nasibu ndiyo ingeamua kati yao.

Msimamizi anaweza kusahihisha kwa amri ya setserverprefs, akaipa seva anayoijua alama anayoitaka. Lakini alama hizo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, makisio ya zamani hurudi, isipokuwa amri hiyo imeandikwa kati ya zile zinazotekelezwa kila inapowaka. HDFS, mfumo wa faili wa Hadoop, ulifuata njia nyingine: msimamizi hueleza tangu mwanzo kila mashine iko kwenye rafu ipi, na msomaji huelekezwa kwenye nakala ya mashine yake, kisha ya rafu yake, kisha ya rafu nyingine.

Kwa nini basi kompyuta zisiulize tu ni seva ipi iliyo na kazi kidogo? Kwa sababu habari hiyo huchakaa haraka. Zote zikisikia kwamba seva fulani iko huru, zote huikimbilia, kama abiria wa kituo kizima wanaogombea daladala moja iliyotangazwa kuwa na nafasi. Wataalamu wa sayansi ya kompyuta, akiwamo Michael Mitzenmacher katika miaka ya 1990, walionyesha dawa nyepesi ajabu: chagua seva mbili kwa nasibu, linganisha mizigo yao, nenda kwenye iliyo nafuu. Hatua hiyo moja hupunguza mlundikano kwa kiasi kikubwa kuliko kuokota seva moja tu.

Hata hivyo, katika AFS uhuru huu wote wa kuchagua seva ni wa nakala za kusoma tu. Programu na nyaraka za pamoja hunakiliwa kwenye seva kadhaa, na msimamizi huzisasisha zote kwa amri moja toleo jipya linapokuwa tayari. Faili ambazo mwanafunzi anaziandika kila siku hukaa kwenye seva moja pekee, kwa sababu seva mbili zikipokea maandishi tofauti ya faili moja, hakuna alama itakayosema lipi ni sahihi. Seva hiyo ikizimika, mwenye faili hana budi kusubiri iwake.