Uhuishaji wa Chati ya Uongozi katika Slaidi: Mfano wa Jiji la Kampala

Chati ya muundo wa uongozi iliyochapishwa kitabuni huonekana yote kwa pamoja, na msomaji huanzia atakapo. Inapohuishwa katika slaidi, visanduku hujitokeza kimoja baada ya kingine, na mtazamaji huchukulia kwamba aliyetangulia ndiye mkubwa. Kwa Kampala, jambo hilo si dogo.

Sheria ya mwaka 2010 iliyounda Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala iliweka vichwa viwili. Meya Mkuu, anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi, ni kiongozi wa kisiasa. Mkurugenzi Mtendaji, anayeteuliwa na Rais, husimamia watumishi na fedha. Mipaka ya madaraka hayo ilizua mvutano mkali kati ya Meya Mkuu Erias Lukwago na Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza, Jennifer Musisi. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Meya Mkuu, na shauri likafika mahakamani. Mwasilishaji anayemtanguliza mmoja wa wawili hao kwenye slaidi ameshatoa hukumu kabla hajafungua kinywa.

Zana ya SmartArt iliyomo katika PowerPoint huruhusu chati itokee yote mara moja, ngazi nzima kwa pamoja, au kisanduku kimoja kimoja kwa kufuata ngazi au tawi. Ngazi nzima kwa pamoja ndiyo inayoifaa Kampala, kwani wakuu wote wawili huingia kwa mbofyo mmoja. Tawi hufaa tu pale inapoelezwa idara moja hadi chini.

Tatizo hubaki kwenye mistari. Katika SmartArt, mstari unaounganisha visanduku viwili hauhuishwi peke yake. Hutokea pamoja na kisanduku cha pili. Tena kila kisanduku hupewa mkubwa mmoja tu, ilhali tarafa tano za jiji (Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga) kila moja ina meya aliyechaguliwa na mtendaji aliyeteuliwa, na hivyo hutazama pande mbili. Njia iliyopo ni kuigeuza chati kuwa maumbo ya kawaida, kuchora mstari wa pili kwa mkono na kuuhuisha peke yake. Kazi hiyo huchosha, kwa kuwa maumbo hayo hayajipangi tena yenyewe muundo unapobadilika. Hata hivyo, mstari ulioachwa uingie mwisho, visanduku vyote vikiwa vimekwisha kuonekana, humpa mwasilishaji nafasi ya kusimama hapo na kueleza nani anawajibika kwa nani.