Utangulizi: Dishi Moja, Ving'amuzi Vingi

Bahari ya Matemwe, hapa Unguja, iko mashariki, kisiwa cha Mnemba kikionekana mbele, lakini madishi mengi ya kijijini yameipa mgongo. Sababu ni hesabu tupu. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, hurusha matangazo kupitia setelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, nasi tuko karibu nyuzi 39. Dishi basi hutazama magharibi, likipinda kidogo kaskazini kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, na huinuka takriban nyuzi 52. Setelaiti ya DStv, nyuzi 36, iko karibu na utosi wetu: nyuzi 82 hivi. Macho yasikudanganye, dishi la siku hizi hupokea kwa mshazari, kwa hiyo uso wake huonekana umeinama kuliko pale linapolenga kwa hakika.

Kulenga ni nusu ya kwanza ya fani hii, na walimu wake ni wengi. Ninakukaribisha kwenye nusu ya pili, inayoanza pale mwenye nyumba anaposema: sasa nataka na chumbani kwa bibi, na banda la uani.

Hapo mazoea ya zamani hutuponza. Unguja ilipata televisheni ya rangi miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi 1994. Enzi hizo antena moja ya juu ya bati iliweza kulisha seti mbili au tatu: ulitia spilita, ukavuta waya, kazi imekwisha. Antena ile ilishusha chaneli zote kwa pamoja, na kila seti ikajichagulia. Fundi aliyerithi mazoea hayo huuchukulia waya wa dishi kama bomba la maji, kwamba kinachoshuka ni kilekile na kazi yake ni kukigawa tu. Lakini katika waya huu kuna kinachopanda pia. King'amuzi hupeleka amri juu.

Tazama LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Hupokea mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, ambayo yangefifia vibaya mno ndani ya waya wa kawaida, kisha huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150. Piga hesabu: juu kuna upana wa megahezi 2050, chini kuna nafasi ya 1200 tu. Hayaingii yote. Kwa hiyo LNB za aina hii, ndizo zilizoenea, zimegawa anga bendi mbili, ya chini na ya juu, na katika kila bendi mna mawimbi ya wima na ya mlalo. Mafungu manne, na waya mmoja hubeba fungu moja tu kwa wakati mmoja. King'amuzi kikitaka wima hupandisha volti 13. Kikitaka mlalo, 18. Kikitaka bendi ya juu, huongeza mtetemo wa kilohezi 22.

Sasa weka spilita. Sebuleni wanaangalia mpira kwa volti 18, bibi anataka taarifa ya habari iliyo kwenye 13. Kwa kawaida volti kubwa ndiyo inayoshinda, na bibi anaambiwa hakuna mawimbi. Kinachochanganya ni kwamba kwa jirani spilita hiyohiyo inafanya kazi vizuri, kwa sababu tu chaneli wanazopenda zote zimeangukia fungu moja.

Dawa ni LNB ya midomo miwili au minne, kila mdomo ukisikiliza king'amuzi chake. Angalia dukani: iko nyingine ya midomo minne ambayo kila mdomo hutoa fungu moja lisilobadilika. Hiyo haiungwi moja kwa moja na ving'amuzi. Huingia kwanza kwenye multiswichi, na multiswichi ndiyo inayopokea amri za kila chumba. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi huhitaji mpango wa namna hii. Kinyume chake, madishi mawili kwa king'amuzi kimoja, hutatuliwa na swichi ya DiSEqC, mfumo uliobuniwa na Eutelsat. Na kugawa waya si kugawa malipo: kwa chaneli za kulipia kila king'amuzi kina usajili wake.

Vitabu vya Ulaya havitakusaidia sana kuhusu chumvi. Upepo wa kusi huileta mpaka ndani ya konekta, shaba ikaota kijani, na picha ikaanza kukatika bila dishi kuguswa. Funga konekta kwa utepe usiopitisha maji, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili matone yadondoke nje. Waya wa RG6 hupoteza kama desibeli 20 kwa mita 100 kwenye megahezi 1000, na zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Mvua ya masika hula nyingine angani. Mimi naona ni heri dishi kubwa kidogo kuliko kurudi kwa mteja kila mwezi wa Aprili.

Kabla ya sura ya kwanza, tafuta king'amuzi na multimita. Pima volti kwenye mdomo wake wa waya, kati ya ncha ya kati na ganda la nje, bila kuziacha zigusane. Badilisha chaneli moja baada ya nyingine, na uandike ni zipi zinazoomba 13 na zipi 18.