Bastola ya Browning na Haja Zake Mbili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi bastola ijipakiayo yenyewe inavyoitumia nguvu ya baruti kulitupa nje ganda tupu na kuingiza risasi nyingine; leo tuitazame moja mahsusi, nayo ni GP35, iliyotengenezwa Herstal, karibu na Liège, katika nchi ile ile ya Ubelgiji iliyoutawala mji wetu wa Likasi ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville.

John Moses Browning, Mmarekani, alifariki Liège mwaka 1926 kabla hajaikamilisha, na kazi ikabaki mikononi mwa Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, ambaye baadaye ndiye aliyeibuni bunduki ya FAL. Bastola ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa na sifa adimu kwa zama hizo: magazini yake, ambamo risasi hupangwa safu mbili zilizopishana, ilichukua risasi 13 za milimita 9, ilhali Colt ya mwaka 1911, kazi ya Browning huyo huyo, ilichukua 7. Maganda ya risasi hizo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, shaba ikiwa kama sehemu 7 katika 10. Mtu wa Shituru, hapa kwetu Likasi, ambako shaba husafishwa tangu 1929, ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha jasho lake kilichorudi nyumbani kwa sura hiyo.

Umbo kubwa la bastola hii si la fahari tu. Mtutu wake ni wa milimita 118 hivi, na uzito wake hukaribia kilo moja, hata sehemu ya mshindo wa risasi humezwa na chuma kabla haijaufikia mkono. Tena kwa kuwa alama ya mbele iko mbali na ya nyuma, jicho hulitambua kosa dogo la kulenga, jambo ambalo bastola fupi ya mfukoni hailiwezi.

Hapa ndipo haja mbili, ya shabaha na ya kujihami, zinapogombana. Ndani yake mna kizuizi kinachoizuia bastola isifyatuke magazini ikiwa imetolewa, kwa hofu ya yule anayesahau kwamba risasi moja ingali chembani. Lakini kizuizi hicho husuguana na magazini, nacho hukifanya kifyatulio kiwe kizito na chenye kukwaruza, hivyo washindani wa shabaha wengi hukiondoa. Kwangu mimi, mwenye kushindana kiwanjani, mbele ya msimamizi, ana udhuru. Bali mwenye kuiweka silaha nyumbani kwa kujihami, penye watoto na usahaulifu wa usiku, hana. Wala kizuizi hicho kisimfanye mtu yeyote aache kuifungua chemba na kuitazama kwa macho yake.

Kilichonichosha zaidi katika bastola za mwanzo ni kile kidude cha usalama cha upande wa kushoto, kidogo mno kwa kidole gumba. Miongo mingi ilipita ndipo FN ikakikuza na kukiweka pande zote mbili, na mashoto wakapata nao fungu lao. Sehemu ijayo itahusu usafishaji na uhifadhi.