Usonji: Mtoto asiyehesabiwa haonekani kwenye bajeti

MALI bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa Namanga, Busia na Mutukula wanaijua methali hiyo kwa vitendo. Kwa watoto wenye usonji katika Afrika Mashariki, daftari lenyewe bado lina kurasa nyingi tupu, na gharama yake inabebwa na familia.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi au otizimu, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mtoto anaweza kuchelewa kuzungumza, kutogeuka anapoitwa, kurudia jambo moja mara nyingi au kutaabishwa na kelele za sokoni ambazo wenzake hawazijali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo.

Wapo wanaoamini kuwa haya ni mambo ya Ulaya. Utafiti uliofanyika Uganda unasema vingine. Dk Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichunguza watoto 1,169 wenye umri wa miaka 2 hadi 9 katika wilaya za Kampala na Wakiso. Wazazi waliulizwa maswali 23, kisha watoto waliotiliwa shaka wakafanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha takriban watoto 7 wenye usonji kwa kila 1,000.

Pwani ya Kenya, mjini Kilifi, mradi wa NeuroDev unaofanyika pia Afrika Kusini unachunguza mchango wa vinasaba katika usonji na matatizo mengine ya ukuaji. Uzito wake ni kwamba, kwa miaka mingi, taarifa za vinasaba zilizotumika duniani zilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Sensa inapopitwa

Hata hivyo, matokeo yakibaki kwenye majarida ya wasomi, waziri wa fedha hayaoni. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, tena kwa watu wa miaka 5 na zaidi. Usonji haukuwa na swali lake, na watoto wadogo, ambao ndio wanaofaidika zaidi na msaada wa mapema, waliachwa nje. Bila idadi, wizara haiwezi kujua ni walimu wangapi wa elimu maalumu wa kuajiri wala wataalamu wangapi wa matamshi wa kusomesha.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuimarisha huduma na utafiti wa usonji. Utekelezaji unategemea bajeti za nyumbani.

Upande wa pili ni wananchi. Mtoto anayedhaniwa amerogwa hufichwa ndani, na mtoto aliyefichwa hafikiwi na dodoso lolote. Uvumi wa chanjo nao haujafa, ingawa makala ya mwaka 1998 iliyouanzisha ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Ndiyo maana elimu kwa umma na ushawishi kwa watunga sera haviwezi kutenganishwa: uvumi ukiendelea takwimu hazipatikani, na takwimu zikikosekana fedha hazitengwi.

Kwa mama anayevuka mpaka alfajiri na kumwacha mtoto kwa bibi, hatua ya kwanza ni kumsikiliza bibi huyo anaposema mtoto haitiki. Ampeleke kliniki mapema, bila kungoja "atazungumza tu akikua," na kadi ya kliniki isafiri naye popote aendako.

Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo tayari hukutana na viongozi kuhusu ushuru na vibali, vinaweza kuongeza maswali matatu: watoto wenye usonji katika wilaya au kaunti hii ni wangapi, walimu wao wako wapi, na fungu lao ni kiasi gani? Siku ya Usonji Duniani huadhimishwa kila Aprili 2. Majibu yanahitajika kabla bajeti ya Juni haijasomwa.